Mgawaji Aliyekataa Kitoweo

Sifa na shukrani zimrudie Mungu, aliyeweka samaki ziwani kabla hajamweka mtu wa kuwavua. Kwa neema yake nimefika umri wa kukaa barazani na kukumbuka, na macho yangu bado yanauona mstari ninaouandika. Naanza na asante kwa sababu yatakayofuata yana hasira ndani yake, na sikutaka hasira itangulie.

Nataka kumweleza mwanamke mmoja wa mwalo wa Kibara, kule ufukoni Bunda. Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Mwenyewe akiulizwa alijibu, "Unataka kunioa?" na mazungumzo yakaishia hapo. Watu walimwita Mgawaji, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kugawa kitoweo.

Asiyekaa ziwani nimfafanulie. Mitumbwi ikifika mwaloni asubuhi, kabla samaki hawajauzwa, kila mwenye mtumbwi huchota kidogo na kuweka pembeni. Hicho ndicho kitoweo, fungu la wale wasioweza kuingia majini: mjane, mgonjwa, mzee aliyeumia mgongo, mama aliyejifungua juzi. Sehemu nyingine huachwa mchangani na kila mtu akajichukulia. Kwetu Kibara kilitiwa kwenye karai la Mgawaji, naye akagawa. Hakuna aliyempigia kura. Mume wake alizama na mtumbwi wake, na asubuhi ya kwanza alipokwenda kupokea kitoweo kama mjane, aliona mwenye sauti kubwa ameondoka na mafungu mawili na mgonjwa ameondoka na maneno. Asubuhi iliyofuata alikuja na karai lake, akalikita mchangani, akasema, "Wekeni humu." Wakaweka.

Mimi nilikuwa katekista wa kigango cha pale kwa miaka mingi, kabla ya kuhamia Buhare kwa mwanangu. Kwa hiyo nilimjua kanisani na nilimjua mwaloni, na alikuwa mtu yuleyule sehemu zote mbili, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya waumini wangu wote. Kanisani alikaa karibu na mlango kwa sababu ya harufu ya samaki. Siku moja mama mmoja wa kwaya alijiziba pua alipopita. Mgawaji akasimama. "Dada, Mitume walikuwaga wavuvi. Unadhani walinukia marashi?" Nilikuwa nimeshafungua mdomo nianzishe sala, ikabidi niufunge kwanza nimalize kucheka.

Karai lake lilikuwa la bati, limeliwa na kutu chini, na tundu aliliziba kwa kipande cha kandambili. Tulimchangia jipya. Alilipokea, akashukuru, akalipeleka kwa binti aliyekuwa anaolewa. La zamani akaendelea nalo.

Alikuwa na mambo yasiyoelewana. Maisha yake yote ya utu uzima yalikuwa ya ziwa, lakini hakuwahi kupanda mtumbwi, hata ule uliofungwa nchi kavu. "Samaki akitaka aje kwangu," alisema. "Mimi simfuatagi kwake." Alikuwa na huruma kwa mjane asiyemjua, ila kwa watoto wake mwenyewe alikuwa mgumu kama jiwe la kusagia. Na lililowashangaza wengi zaidi ni hili: hakuwahi kula samaki wa karai. Yeye pia alikuwa mjane, fungu lake lilikuwa halali. Lakini alipomaliza kugawa alilikung'uta karai na kulifunika, akarudi kwenye sufuria lake la uji wa mtama aliowauzia wavuvi. Kwa uji ule aliishi, na kwa uji ule alilipa ushuru wa mwalo kila asubuhi bila kukosa. Nilipomuuliza kwa nini hajiwekei hata mkia, alisema, "Katekista, nikianza kujiwekea, kesho mtaniona nachagua mwenye mafuta."

Swali lake kwa kila mtumbwi lilikuwa moja: "Mtumbwi wa nani?" Alijua ni wa nani, mwalo wenyewe haukuwa mkubwa. Lakini alitaka mwenyewe ajitaje kwa sauti mbele ya watu, ndipo karai lipokee. Na kulikuwa na desturi kwamba ukikataliwa kitoweo chako, wewe si mtu wa mwalo. Hakuna atakayeshika kamba yako kuuvuta mtumbwi, hakuna atakayebeba ndoo yako, hakuna mama atakayekuuliza bei. Wazee wa pale walisema waliisikia tu kwa baba zao. Hawakuwahi kuiona ikifanyika.

Nyuma ya mwalo kuna ghuba ndogo yenye matete. Huko sato huzalia. Sato jike huficha vitoto vyake mdomoni, huvitoa vikale na kuvirudisha hatari ikija, kama kuku na mbawa zake. Wavuvi wa makasia walikubaliana wenyewe kwamba msimu wa kuzaa hakuna anayeingiza wavu ghubani. Mgawaji ndiye alikuwa mlinzi wao bila kutoka mchangani. Kila sato aliyeingia kwenye karai alimfungua mdomo kwa kidole gumba. Akikuta vitoto, mwalo mzima ulijua. "Wewe! Umemnyang'anya mama na watoto mdomoni! Mama yako angefanyiwa hivyo ungekuwa hapa unanitolea macho?" Mwanamume mwenye ndevu na wajukuu alikuwa anajificha nyuma ya tanga lake.

Basi, ndipo ukaja mpango.

Tuliitwa darasani shuleni, tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakagusa videvu. Wageni wa serikali wakatueleza kwamba uvuvi unapewa ruzuku. Mafuta yatauzwa kwa bei nafuu na injini zitapunguziwa kodi, ili uvuvi ukue. Tulipiga makofi, mimi nikiwa mmoja wao. Tulidhani ni sisi. Kisha wakasoma masharti: ruzuku ni kwa vyombo vyenye injini kubwa tu. Mzee mmoja wa makasia akanyoosha mkono. "Samahani, mheshimiwa. Mikono yetu nayo inakulaga. Yenyewe hamna ruzuku ya ugali?" Watu wakacheka, na wageni wakacheka, na mkutano ukafungwa kwa sala niliyoiongoza mimi.

Nimefundisha dini kwa muda mrefu na najua subira ni tunda la Roho. Nimeiomba na nimepewa. Lakini kuna mambo ambayo nikiyakumbuka subira yangu inatetemeka, na sioni sababu ya kuficha. Tajiri mmoja mwenye mitumbwi ya injini alikaa mbali, ng'ambo ya mji. Miaka yote hakuwahi kuleta chombo kwenye ghuba yetu, na si kwa sababu ya wema. Safari ile ingekula mafuta mengi kuliko samaki wangelipa. Umbali ndio ulikuwa uzio wetu. Mafuta ya nafuu yakaubomoa ule uzio. Mafuta yale yalitoka kwenye fedha ya wote, na humo ulikuwamo ushuru wa sufuria la uji. Mjane alichangia kumwezesha tajiri aje kuchukua samaki wa mjane. Nani alikaa akalifikiri jambo hili na kuliona jema? Na wakati huohuo mvuvi wa makasia ambaye nyavu zake zilikuwa na matundu madogo kidogo kuliko sheria alichomewa zote mbele ya watoto wake. Sikatai sheria ya nyavu, ni nzuri. Nakataa mkono mmoja uwe na kiberiti kwa mdogo na dumu la mafuta kwa mkubwa.

Walikuja wengi, na taa kali, na nyavu ndefu, na hawakujua makubaliano ya ghuba wala hawakuuliza. Msimu wa kuzaa walisafisha matete kama mtu anayefagia ua. Mitumbwi yetu ikaanza kurudi na maji tu. Karai la Mgawaji likawa linaonyesha kile kipande cha kandambili.

Na nahodha wa chombo kimojawapo alikuwa kijana wake wa kumzaa.

Simlaumu sana kijana yule. Alikuwa na watoto, makasia hayakulisha tena, na tajiri alitafuta mtu anayeijua ghuba. Alimpelekea mama yake samaki, akarudishwa mlangoni kwake. Akampelekea khanga, ikarudishwa imekunjwa vilevile ilivyokuja.

Asubuhi moja chombo kile kilikuja kutia nanga kwetu Kibara, kwa kuwa gari la barafu la tajiri lilikuwa limekuja kusubiri pale. Tajiri hakuwa mjinga. Alijua desturi ya kitoweo, na alitaka mwalo umpokee. Vijana wawili walishuka na kreti zima la sato, wakaliweka miguuni kwa Mgawaji. Kreti zima! Wajane walikuwa hawajaona samaki siku nyingi. Nilikuwapo, nimekuja kumtembelea mgonjwa.

Kijana wake akasogea. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mtumbwi wa nani?"

"Si unaujua, Mama."

"Nimeuliza."

"Wa tajiri."

"Umevua wapi?"

Kijana akatazama maji. Mwenzake akajibu huku anacheka, "Sato hanaga kitambulisho, Bibi. Pokea tu, njaa haiulizagi anwani."

Mgawaji akainama, akachukua samaki wa juu, akamfungua mdomo kwa kidole gumba. Vitoto vikamwagika mchangani kama ulezi. Vingine vilikuwa bado vinarukaruka. Akavitazama mpaka vikatulia. Kisha akamrudisha samaki kwenye kreti, taratibu, kana kwamba anamlaza.

"Baba yangu," alimwambia mwanawe, na sauti haikuwa ya kelele, "rudisha hii."

"Mama, ni ya wajane. Si yako ukatae."

"Rudisha."

Hapo ndipo mjane mmoja, Mama Neema, aliyekuwa na watoto wadogo nyumbani, alipopasuka. "We Mama, una wazimu? Wanangu watalala na nini leo? Watakula hasira yako?"

"Leo watakula uji wangu."

"Na kesho?"

"Kesho Mungu yupo."

"Mungu yupo, na samaki yupo hapa mbele yangu! Wewe kukataa ni rahisi, hukulagi samaki. Umezoea. Wanangu hawajazoea!"

Nimelifikiria jambo hili katika sala na mpaka leo siwezi kusema Mama Neema alikosea. Alisema kweli, na aliisema akiwa na njaa.

Lakini desturi ilikuwa imeshaamka. Watu waliokwenda kushika kamba ya chombo wakaiachia, mmoja baada ya mwingine. Wabebaji wakakaa juu ya ndoo zao. Vijana wa tajiri walihangaika wenyewe na makreti yao majini hadi kiunoni, jua likapanda, dereva wa gari la barafu akapiga honi mpaka akachoka. Mwishowe chombo kikaondoka kwenda kushusha kwingine. Mgawaji akaburuta sufuria lake hadi katikati ya mwalo na kugawa uji wote bure, na Mama Neema akaleta kopo lake, akalijaza, akaondoka bila asante.

Ingekuwa hadithi ya kubuni ningesema ghuba ilipona siku ile. Haikupona. Walishusha kwingine, wakaendelea kuvua kwetu. Kukataa kwake kulilinda mchanga, maji hakukuyafikia. Yeye mwenyewe alikuja kuniambia hivyo, akakaa kwenye benchi la kigango. "Katekista, nimewanyima watu wangu chakula na hakuna nilichookoa. Hiyo mafuta ndiyo inawaleta. Twende kwa wanaoitoa."

Tukaenda Bunda, sisi na wavuvi kadhaa, yeye akiwa na karai tupu kichwani. Tulimkuta ofisa mstaarabu, akatupa viti. Mgawaji akaliweka karai juu ya meza yake, katikati ya makaratasi.

"Mama, hili la nini?"

"La kitoweo, mheshimiwa. Mmewagawia wale. Nimekuja kuona fungu la hawa."

Ofisa akatabasamu. Akaeleza kwamba ruzuku ni kwa ajili ya kukuza uvuvi. Mgawaji akasema, "Umekua kweli. Umekua mpaka umemaliza samaki."

"Sasa mnataka nini? Na ninyi mpewe injini na mafuta?"

Wavuvi wetu wawili wakaitikia haraka, "Ndiyo!" Mgawaji akawageukia kwa jicho ambalo sikutaka linigeukie mimi. "Nyamazeni. Mkipewa na ninyi, tutamaliza kilichobaki kwa haraka zaidi." Kisha akamgeukia ofisa. "Waondoleeni ile mafuta, mheshimiwa. Wenye uwezo wanunue kama sisi tunavyonunua mtama. Hawa wa makasia wapeni barafu samaki wasioze, chanja za kuanikia dagaa wasilale kwenye mchanga, na maboya ya kuvaa wasife kama mume wangu alivyokufa. Na muwasaidie kulinda ghuba yao. Hilo tu."

"Tutalifanyia kazi," alisema ofisa, akaangalia saa, akatoka kwenda kunywa chai. Karai Mgawaji akaliacha mezani makusudi.

Tulirudi tena na tena. Kila safari tuliambiwa linafanyiwa kazi. Safari mojawapo nilikwenda kunawa mikono pale ofisini, nikaliona karai letu. Lilikuwa chini ya sinki bovu, linakinga maji yanayovuja. Lilikuwa limejaa. Mimi ni mzee wa Kanisa na nilisema neno ambalo baadaye nililiungama. Mgawaji alilitoa, akamwaga maji dirishani, akalifuta kwa khanga. "Angalau humu ofisini kuna mmoja aliyekuwa anafanya kazi," alisema, na akalirudisha kichwani. Makarani wakacheka. Yeye hakucheka.

Huwa naulizwa, kwa nini unakasirika wakati mpango ule ulikuja kusimamishwa? Ndiyo, ulisimamishwa. Tunamshukuru Mungu, na waliopiga kelele sehemu nyingine za ziwa pamoja na sisi. Mafuta ya nafuu yakakoma, na msimu uliofuata vyombo vya mbali vikaacha kuja, kama vile ambavyo havikuwa vinakuja zamani. Ndivyo ilivyokuwa rahisi. Nakasirika kwa sababu ilikuwa rahisi. Na nakasirika kwa sababu nusu ya pili ya ombi imesahauliwa. Chanja za kuanikia zilianza kujengwa Kibara, zikafikia nguzo. Ukienda leo utakuta mbuzi wamefungwa kwenye nguzo zile. Barafu haijafika. Maboya yalikuja machache, wavuvi wakapigwa nayo picha, yakarudi kwenye gari.

Wakati huo miguu ya Mgawaji ilikuwa imeanza kumkatalia. Binti yake aliyeolewa Butiama, kwa wakulima na wafugaji, alikuja kumchukua. Siku ya kuondoka wote walitaka kujua karai litabaki na nani. Akalibeba hadi mlangoni kwa Mama Neema, ambaye tangu siku ile ya kreti hawakuwa wamesalimiana. Akaliweka chini. Mama Neema akasema, "Unanipa mimi? Mimi niliyekutukana?" Mgawaji akasema, "Ulinitukana kwa ajili ya wenye njaa. Mwingine nimpe nani?" Wakashikana mikono muda mrefu. Sasa Mama Neema ndiye anauliza mtumbwi wa nani, na nasikia ni mkali zaidi.

Mwaka huu nilipata nguvu ya kwenda Kibara kuwasalimu watu wangu. Mwaloni nilimkuta kijana wa Mgawaji, sasa ana mvi. Tajiri aliondoa injini zake mafuta yalipopanda bei, na kijana akarudi kwenye mtumbwi mdogo. Aliposikia nitapitia Butiama, alikimbia akarudi na sato mmoja kwenye ndoo, chini ameweka barafu aliyoiomba kwa muuza soda. "Sijui kama atapokea," aliniambia. "Lakini mpelekee, Katekista. Akikataa, usirudi kuniambia."

Nilimkuta Mgawaji ameketi nje ya nyumba ya binti yake, anachambua mtama, na ng'ombe wanapita kwenda kunywa. Amekonda, ila jicho ni lilelile.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Katekista! Bado hawajakuzika?"

"Wanasubiri wewe utangulie."

Tulicheka. Nikaweka ndoo mbele yake na kuifunua. Majirani wawili waliokuwa wamekuja kumsalimu mgeni wakasogea, maana sato mbichi huko milimani si wa kila siku. Mgawaji akamtazama samaki, akanitazama mimi.

"Mtumbwi wa nani?"

"Wa mwanao."

Mtama ukasimama mkononi. "Wa mashine?"

"Wa makasia."

"Ametoa wapi?"

"Nje ya matete. Ghuba imefungwa, ni msimu. Mama Neema amemkagua mbele yangu."

Hata hivyo akamfungua mdomo kwa kidole gumba. Mdomo haukuwa na kitu ndani. Akaufunga, akamweka mapajani juu ya khanga yake, maji ya barafu yakamlowesha, wala hakujali. Binti yake akaja na kisu na sinia, akijua mama yake ni nani. "Mama, nikate mafungu mangapi? Na wageni wapo."

Majirani wakajisogeza. Mimi mwenyewe, nikiri, nilikuwa nimetoka safari na tumbo lilikuwa limeshaanza kufikiria kichwa.

"Huyu sigawi," alisema Mgawaji.

Binti akadhani hakusikia. "Mama?"

"Mpikie Katekista kuku. Huyu ni wangu. Mwanangu kaniletea."

Akammaliza peke yake. Alimla polepole mbele yetu, akatoa mifupa mmojammoja na kuipanga ukingoni mwa sahani, akanywa na mchuzi, na hakuna aliyethubutu kuomba hata mkia. Tuliketi tukamtazama mgawaji wa watu akila fungu lake la kwanza. Alipomaliza alinawa, akafanya ishara ya msalaba, akaniambia, "Mwambie nimepokea."

Nimemwambia.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akujalie riziki ambayo haikunyang'anywa mdomoni mwa mtoto wa mtu. Akupe fungu lako, na akupe jirani mkali wa kuuliza limetoka wapi. Meza yako isikauke, na mlango wako usikose wa kumgawia. Amina.